Wa Chini Aseme Kwanza

Mjukuu wangu amerudi kutoka semina. Wamemfundisha namna ya kumaliza ugomvi kazini, wakampa soda na kofia yenye maandishi, na sasa anajiona jaji. Nilimwuliza amejifunza nini huko. Akaniambia: "Koko, munakaa wote mu cercle, mu duara, kila mutu anasema mbele ya batu wote ile kitu iko inamuumiza. Kisha munapeana mikono, bas." Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Kisha hasira ikanipanda, naye maskini hakujua hasira hiyo imetoka wapi. Ninawaandikia ninyi vijana wa karakana ili mjue imetoka wapi. Kama mnatafuta maneno matamu, nendeni kwa padri au kwa imamu.

Mimi ni Amisi, mpasuaji mbao. Nilianza kazi hii hapa Kisangani wakati mji bado unaitwa kwa jina la mzungu, nikawa kapita, yaani msimamizi wa wapasuaji wote, mpaka mgongo ukanikatalia. Ninyi mnapasua kwa mashine ya petroli huku mnasikiliza muziki. Sisi tulikuwa na shimo. Magogo ya kambala na libuyu yalikuja kwa lori kupitia njia ya Bengamisa, tukayalaza juu ya shimo lenye kina kinachomzidi mtu. Mmoja anasimama juu ya gogo, mwingine anashuka shimoni, na msumeno mrefu una mshiko kila upande. Wa juu anafuata mstari tuliopiga kwa kamba na unga mweusi wa betri. Wa chini haoni mstari wowote. Yeye anavuta, na meno ya msumeno yanakata yakishuka, kwa hiyo yeye ndiye anayekata. Vumbi lote linamwangukia yeye, na vumbi la kambala linawasha kama upupu.

Ubao ukinyooka, anasifiwa wa juu. Ukipinda, analaumiwa wa chini. Nimekaa katika kazi hii maisha yangu yote na sijaona ugomvi ambao mzizi wake haukuwa hapo, hata walipogombana kwa sababu ya sombe, yaani kisamvu, au mwanamke. Kapita mzuri hakuhitaji kuambiwa nani amekosana na nani. Alisikiliza msumeno. Watu wanaopatana, msumeno wao unapumua, unakwenda na kurudi bila haraka. Wenye kinyongo wanaukwaruza, kila mmoja anauvuta kabla mwenzake hajauachia, na ukitazama ubao baadaye unaona mawimbi. Ukimwona mpasuaji anapitisha kiganja juu ya ubao, usidhani anaupenda. Anatafuta nani aliyekuwa na hasira asubuhi ile.

Aliyenifundisha ni Papa Ramazani, mzee wa zile familia za Kiislamu zilizobaki hapa tangu enzi za wafanyabiashara waliotoka mashariki. Alikuwa mtu wa kofia safi na makasu, zile kokwa chungu za kola, mdomoni, na maneno yake yalikuwa machache kuliko meno yake, ambayo hayakuwa mengi. Wapasuaji wawili wakigombana, hakuuliza nani alianza. Alisema swali hilo ni la watoto, kwa sababu kila mtu ana mwanzo wake. Aliuliza jambo moja tu: "Ulipofika nyumbani, ulimwambia nini mke wako?" Kama mtu hakuwa amemwambia mke wake kitu, mzee alijua jambo ni kubwa.

Kisha aliwabadilisha. Aliyezoea kusimama juu alishuka shimoni, wa shimoni akapanda juu. Wapasue ubao mmoja kutoka kichwa cha gogo hadi mkia. Wengine wote aliwafukuza waende kunywa chai upande wa jikoni, na ole wako akikuona unachungulia. Msumeno ukiwa unatembea hakuna kusema neno. Ubao ukianguka, wa chini anasema kwanza, na wa juu hamkatizi. Basi. Bwana mweupe mwenye karakana alifikiri ni adhabu, akaifurahia sana, akawa anaeleza wageni wake kwamba watu wake wana nidhamu. Hatukumsahihisha, maana alikuwa na kazi yake ya kukunja pua na sisi tulikuwa na yetu.

Na mimi nilishushwa. Nilikuwa kijana, nimepandishwa juu ya gogo mapema, kichwa kimevimba. Nililalamika kwamba mwenzangu wa chini ni mvivu, kila dakika anasimama. Papa Ramazani akanitazama, akaonyesha shimo kwa kidole. Nilivuta huko chini mpaka mikono ikawa si yangu. Nikagundua kwamba mtu wa chini hasimami kupumzika, anasimama kutema. Ubao ulipoanguka, mzee akaja kusikiliza. Zamu ya kusema ilikuwa yangu, na mdomo wangu ulikuwa umejaa unga wa mbao. Nilitikisa kichwa tu. Mwenzangu aliangua kicheko, nami nikacheka, nikakohoa, na ugomvi ukaishia hapo. Tulipasua pamoja miaka mingi baadaye.

Papa Ramazani alifariki muda mfupi kabla ya uhuru. Uhuru ulipokuja, bwana mweupe akaondoka, akarudi, akaondoka tena bila kuaga. Tukaletewa mkurugenzi wetu wenyewe, Mkongomani mwenye suti, na nilimfurahia kwa moyo wote, sitasema uongo. Lakini wiki za kwanza tu alituita, akasema habari ya kumshusha mtu shimoni ni utumwa wa wakoloni, na kuanzia leo ugomvi wote utaletwa kwenye mkutano. Nilisimama nikamweleza kwamba mambo yale hayakutoka kwa wakoloni, yalitoka kwa Papa Ramazani. Akaniambia: "Papa Amisi, tuko indépendants sasa. Mutu hashuki mu shimo juu ya kusema." Watu wakapiga makofi. Hata waliolala walipiga makofi, maana siku zile kila neno la uhuru lilipigiwa makofi.

Sasa nifike kwa watu wawili wanaonikosesha usingizi. Wa juu aliitwa Athanase, mtoto wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko, Mkristo, amesoma kwa mapadri miaka kadhaa na Kifaransa anakijua. Mikono mizuri, jicho la mstari zuri kuliko langu, na ulimi usio na mfupa. Wa chini aliitwa Bosenge, mtu wa kutoka Bengamisa, mpana wa mabega, mpole. Hakusoma. Alikuwa ameoa karibuni binti wa mzee mmoja wa kwao, na alimpenda mke wake waziwazi, mpaka tukamtania kwamba anarudi nyumbani mbio kama mwenye chungu motoni.

Siku moja baba mkwe wake akaja karakana bila taarifa. Bokilo, ndivyo tunavyomwita mkwe hapa, na ninyi mnajua heshima ya bokilo ilivyo. Huli mbele yake, humsalimii bila shati, humsogelei na uchafu. Mzee yule alikuwa amevaa koti, ana kuku mkononi, amekuja kuona mkwe wake anafanya kazi gani mjini. Akamkuta shimoni, kifua wazi, uso mzima ni unga, macho mekundu. Bosenge alianza kuhangaika kupanda. Na Athanase, akiwa amesimama juu ya gogo, akamwambia mzee kwa sauti ya furaha kabisa: "Papa, karibu. Bokilo yako, miye njo nasimamaka ku kichwa yake kila siku."

Karakana nzima ilicheka. Mimi sikucheka, lakini sitajisifu kwa hilo, nilikuwa nimemeza mate vibaya kwa mshtuko. Mzee hakucheka. Aliweka kuku chini, akasema anawahi barabarani, akaondoka. Bosenge alipopanda juu alikuta kuku tu. Na yeye akacheka. Alicheka kidogo, akajifuta uso kwa mkono, akarudi chini kushika msumeno.

Vijana, mtu akitukanwa akafoka, mpeni maji, atapoa. Akitukanwa akacheka, msilale. Nilikwenda kwa mkurugenzi mchana huohuo nikamwomba aniachie hawa wawili nusu saa na gogo moja. Akakataa, akaitisha mkutano.

Mkutano ulikuwa mzuri sana. Mkurugenzi alizungumza juu ya undugu. Athanase alisimama akasema pardon kwa Kifaransa kirefu, na ilikuwa wazi kwamba anasikia utamu wa Kifaransa chake. Alisema ulikuwa utani tu wa kazi. Bosenge akaulizwa mbele ya watu wote, fundi na kibarua, kama amesamehe. Angesema nini? Angesimama pale aeleze kwamba bokilo wake amemwona uchi wa kifua chini ya miguu ya mtu? Alisema: "Ça va. Iko imekwisha." Wakapeana mikono, tukapiga makofi. Hakuna aliyemwuliza alimwambia nini mke wake.

Baadaye nilimfuata nje. "Bosenge, imekwisha kweli?"

"Imekwisha, kapita."

"Bibi iko muzima?"

"Iko muzima. Alienda Bengamisa kusaidia mama yake mu shamba."

Jibu lilikuwa la haraka, na mimi nilikuwa nimekatazwa kuingilia mambo ya mkutano. Ikabaki hivyo. Wazee walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu hata kovu alikuwa hajapata, kidonda kilikuwa bado kinavuja. Msumeno wao ulikwaruza kwa miezi. Nilipitisha kiganja juu ya mbao zao jioni, nikahisi mawimbi. Mkurugenzi aliona mbao hizohizo akasema tunahitaji tupa mpya ya kunolea.

Kisha waasi wakaingia mjini. Sitawaeleza vita, wapo wanaopenda kueleza vita. Nitasema tu kwamba mkurugenzi alikimbia na suti yake, kwamba watu waliosoma walianza kuacha viatu nyumbani na kusahau Kifaransa chao, na kwamba sisi hatukukosa kazi, kwa sababu kila siku palikuwa na mtu anayehitaji jeneza. Bosenge alipotea siku ya kwanza. Siku chache baadaye tukasikia amekuwa mkubwa wa vijana wenye mikuki katika mtaa wake. Athanase aliposikia, alikataa kusimama juu ya gogo. Sikuwa na mpasuaji mwingine. Nikapanda juu ya gogo mwenyewe, naye akashuka shimoni, na nadhani alipapenda humo kwa sababu ya kutoonekana.

Bosenge alikuja mchana. Alikuwa na majani kichwani, bunduki begani, na vijana wake nyuma. Niliendelea kuvuta msumeno taratibu, ili wa chini ajue asitoke.

"Jambo, kapita."

"Jambo, Bosenge. Karibu. Kiti iko pale."

"Sikukuya kukaa."

"Kaa tu. Miguu yako haikunikosea kitu."

Akakaa. Shikeni hili, maana hakuna semina itakayowapa. Mtu mwenye hasira mpeni kiti kabla ya neno lolote. Aliyekaa ni lazima asimame kwanza ndipo afanye ubaya, na hapo katikati unapata nafasi ya kusema jambo moja. Na jambo hilo lisiwe "tafadhali". Tafadhali inamkumbusha kwamba ana nguvu.

"Bibi iko?" nikamwuliza.

"Iko Bengamisa."

"Shamba haiyaisha?"

"Hakuna shamba, kapita. Bokilo alimukamata siku ile ile. Alisema hawezi kuacha mutoto wake kwa mwanaume mwenye batu wanasimama ku kichwa." Akatazama mikono yake. "Nilienda kumuomba, tena na tena. Alikataa hata kufungua mlango."

Ndivyo nilivyojua. Miezi yote ile mtu alikuwa anavuta msumeno chini ya yule aliyemvunjia nyumba, na sisi tulikuwa tumeshapiga makofi. Niliona aibu kwa ajili yetu sote.

"Athanase iko wapi?" akauliza.

Ningeweza kumdanganya. Lakini shimo lilikuwa hapo miguuni, na mwongo akikamatwa hawezi tena kumsemea mtu. Nikasema: "Iko pahali pako. Tangu ulienda, njo yeye anakula vumbi."

Alisimama, akaja ukingoni, akatazama chini. Athanase alikuwa amejikunja kwenye kona ya shimo, unga kichwani mpaka kwenye kope. Akaanza kulia. Aliomba pardon kwa Kifaransa, akaomba kwa Lingala, akaomba kwa Kiswahili, akachanganya zote. Vijana wa mikuki walikuja kutazama, wakacheka sana. Mmoja alimchokoza begani kwa mpini wa mkuki kama mtu anayemchokoza kenge.

"Bosenge," nikasema, "gogo hii haiyaisha. Panda juu. Maliza ubao na yeye. Kisha ile ulikuya kufanya, utafanya."

Sijui kwa nini alikubali. Labda mikono ilitamani kazi ya kweli. Aliegemeza bunduki ukutani, akapanda juu ya gogo, akashika mshiko. Niliwaomba wale vijana waende wakanywe chai jikoni. Walinicheka. Wangemwacha mkubwa wao na mzee wa karakana kwa sababu ya chai? Wakaketi juu ya mbao zilizokauka wakawa wanamrushia aliye chini unga wa mbao na kumwita "directeur", mkurugenzi. Msumeno ulianza kwa kukwaruza vibaya, nikafikiri utakatika. Halafu, mahali fulani katikati ya gogo, ukaanza kupumua. Nilisikia kwa masikio yangu. Nililia bila sauti, nikageuka nisionekane.

Ubao ukaanguka. Zamu ya kusema ilikuwa ya wa chini, na Bosenge alisubiri, alijua desturi. Athanase akapiga magoti ndani ya unga akasema: "Niko mutumwa yako. Bosenge, niko imbwa yako, usiniue." Vijana wakashangilia. Bosenge hakushangilia. Nilimtazama usoni, hapakuwa na furaha hata kidogo. Alishuka kutoka kwenye gogo, akapitisha kiganja juu ya ubao.

"Kapita, imenyooka," akaniambia. Kisha akawageukia vijana wake. "Huyu hapana. Twende."

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na kiburi. Nilimwambia mke wangu kwamba kazi ya Papa Ramazani bado iko hai, kwamba mkutano wote wa mkurugenzi haukufaa ubao mmoja. Athanase alirudi kwake akiwa mzima, na watoto wake walimpokea. Nilidhani jambo limefungwa.

Miezi ilipita, na waasi wakafukuzwa mjini. Askari wa serikali walirudi pamoja na wazungu wa kukodiwa, na sasa zamu ya kutafutwa ilikuwa ya wengine. Kidole kimoja kilitosha. Asubuhi moja Bosenge akaja karakana akiwa na kaptula yake ya zamani ya kazi, hana majani, hana bunduki, amekonda.

"Kapita, nirudishe kazi," akasema.

Nilimtazama Athanase. Alipanda juu ya gogo akashika mshiko wake wa zamani. Nikalichukua hilo kuwa jibu. Bosenge akashuka shimoni, wakapasua asubuhi nzima, na msumeno wao ulikwenda sawa. Mimi, mwenye masikio ya kusikia kinyongo kwenye chuma, sikusikia kitu.

Askari walifika kabla ya jua la mchana, wanapita nyumba hadi nyumba. Ofisa wao alisema Kifaransa. Alionyesha shimo, akauliza yule ni nani. Nikamjibu kwa Lingala, lugha ya askari: "Azali moto na biso ya mosala." Ni mtu wetu wa kazi. Hakuridhika. Athanase alikuwa amemsalimia kwa Kifaransa safi, kwa hiyo akamgeukia yeye.

Kifaransa changu ni cha misumari na vipimo vya mbao, lakini maneno yale yalikuwa mepesi. Athanase alisema huyu si wa kwetu. Alisema huyu alikuwa anaongoza wenye mikuki. Alitaja jina lake na mtaa.

Bosenge hakujua Kifaransa. Alisikia jina lake, akainua uso wake wa unga, akamtazama Athanase, akatikisa kichwa kukubali. Alitabasamu kidogo, kama mtu anayejulishwa kwa wageni. Walipomwamuru apande, alilaza msumeno polepole ili meno yasigonge jiwe, ndivyo tulivyomfundisha. Nilimrukia ofisa nikarudia kusema ni mtu wetu. Pengo hili mnaloliona mbele halikutokana na uzee, ni kitako cha bunduki. Walimpeleka nyuma ya ukuta wa ghala. Haikuchukua muda.

Nilimchukia Athanase. Nalisema wazi, na mkitaka nisali nimsamehe, nimeshasali, haikusaidia. Lakini nilikuwa kapita, na majeneza yalihitajika kuliko wakati wowote. Tulifanya kazi pamoja bila kuzungumza. Waliopita walisema karakana ya Papa Amisi ina utulivu siku hizi.

Njia ya Bengamisa ilipofunguliwa, mzee yule mwenye koti akaja. Koti lilikuwa lilelile, limechakaa. Safari hii alikuwa na binti yake, na binti alikuwa na mzigo kichwani: sufuria, mkeka uliokunjwa, nguo, vitu vya mtu anayerudi nyumbani kwake. Athanase alipowaona alishuka shimoni bila kuambiwa.

Niliwapa viti. Nikawaletea maji.

"Tuko natafuta bokilo wangu," mzee akasema. "Ku nyumba yake iko batu wengine."

Hakuna njia nzuri ya kusema maneno haya, nimeitafuta. Njia mbaya zaidi ni kuzunguka. "Papa, alikufa. Askari walimukamata hapa hapa, mu kazi."

Mwanamke hakulia. Alishika ule mkeka kwa mikono miwili. Mzee akauliza: "Na hakukuwa mutu wa kumusemea?"

"Nilimusemea."

"Weye peke yako?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Wangeondoka na msiba wao, nasi tungerudi kwenye mbao. Lakini nilikuwa nimechoka na utulivu wa karakana yangu. Niligonga gogo kwa kiganja. "Athanase, panda. Papa anauliza."

Alipanda. Alikuwa mweupe kwa unga toka kichwani mpaka miguuni. Alimtazama mzee, hakumtazama mwanamke.

"Njo miye nilimusema kwa askari," akasema.

"Batu wa Bengamisa wanasema alikuacha muzima," mzee akasema. "Alikuwa na bunduki, akakuacha. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Sasa alikukosea nini?"

Athanase alijifuta macho, unga ukazidi kuingia. "Hakunikosea, papa. Aliniona nalia. Mbele ya watoto wa mikuki. Asubuhi ile aliinua macho toka mu shimo, nikaona bado iko ananiona nalia. Sikuweza kufanya kazi na yale macho."

Nilingoja mzee ampige. Nilitaka ampige, Mungu anisamehe. Hakumpiga. Aliinua kikombe cha maji, akakishika bila kunywa, akakirudisha chini karibu na mguu wa kiti.

"Miye nilikuya kumuomba pardon," akasema. "Nilimunyanganya bibi yake juu ya kicheko ya batu. Sasa nitaomba nani?"

Alituuliza sote wawili. Binti yake akainama, akajitwika mzigo wake, wakatoka kushika njia ya Bengamisa.